Akira Kurosawa: Mwongozaji wa filamu aliyekataa kufumba macho

Katika filamu ya Ran, iliyotoka mwaka 1985, mtawala mzee Hidetora anawagawia wanawe watatu himaya yake. Filamu inapomalizika yeye amekufa, wanawe wote watatu wamekufa, na wake wa wanawe wawili wakubwa nao wameuawa.

Aliyeiongoza, Mjapani Akira Kurosawa, alikuwa na umri wa miaka 75. Wapo walioiona kuwa ni kilio cha mzee aliyekata tamaa. Lakini mauti hayakuwa mageni kwake.

Kurosawa alizaliwa Tokyo Machi 23 mwaka 1910. Alikuwa na miaka 13 pale tetemeko la ardhi la Septemba 1 mwaka 1923, pamoja na moto uliofuata, lilipoua watu zaidi ya laki moja katika Tokyo na viunga vyake. Kaka yake, Heigo, alimchukua wakatembea katikati ya magofu na maiti. Kila mdogo alipogeuza uso, kaka alimwamuru atazame. Usiku ule kijana alitarajia majinamizi, lakini alilala fofofo.

Heigo alikuwa msimulizi wa filamu zisizo na sauti, kazi iliyoheshimiwa sana Japani enzi hizo. Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi hiyo ikafa. Heigo aliongoza mgomo wa wasimulizi ambao haukufua dafu, na mwaka 1933 akajiua.

Miaka mitatu baadaye Kurosawa aliajiriwa kuwa mwongozaji msaidizi. Filamu yake Rashomon ilipata tuzo kuu mjini Venice mwaka 1951, na kuzifungulia filamu za Japani mlango wa dunia. Katika Samurai Saba ya mwaka 1954, wapiganaji wanne kati ya saba wanakufa, lakini wanakijiji wanabaki na kupanda mpunga.

Kisha mambo yakamwendea kombo. Filamu yake ya mwaka 1970 haikupata watazamaji, na mwaka uliofuata alijaribu kujiua, akanusurika. Wafadhili wa nyumbani walimkwepa. Kwa takriban miaka kumi alichora kwa rangi matukio ya Ran, hadi Mfaransa Serge Silberman alipomsaidia kupata fedha.

Ngome iliyojengwa kwenye miteremko ya Mlima Fuji iliteketezwa kwa moto wa kweli, huku mwigizaji Tatsuya Nakadai akishuka ngazi kutoka ndani yake. Nafasi ya kurudia haikuwapo.

Katika shambulio hilo Kurosawa aliondoa sauti zote za vita. Mishale inaruka, watu wanaanguka, damu inatiririka, na kinachosikika ni muziki wa Toru Takemitsu pekee. Ghafla risasi moja inamwangusha mwana mkubwa, na kelele zinarejea. Mtazamaji, kama yule mtoto wa mwaka 1923, hana pa kugeuzia uso.

Mapema mwaka 1985, kazi ikiendelea, mkewe Yoko Yaguchi alifariki. Kurosawa alisimamisha kazi siku moja tu.

Anayebaki mwisho wa Ran ni kijana kipofu, peke yake kwenye ukingo wa ukuta uliobomoka, akipapasa kwa fimbo.

Baada ya hapo Kurosawa aliongoza filamu nyingine tatu. Ya mwisho, Madadayo ya mwaka 1993, inamhusu mwalimu mzee ambaye kila mwaka wanafunzi wake humuuliza kama yu tayari kuondoka duniani, naye huwajibu kwamba bado. Kurosawa mwenyewe alifariki Tokyo Septemba 6 mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 88.