Suger na Nyumba Yenye Mwanga

Mtoto wa familia isiyo na jina kubwa, aliyetolewa kwa Mungu akiwa na miaka kama 10, anaweza kufika wapi? Suger alizaliwa Ufaransa karibu mwaka 1081. Wazazi wake walimpeleka monasteri ya Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, kama Hana alivyompeleka Samweli. Mwaka 1122, akiwa safarini kutoka Roma, akapata habari kwamba watawa wenzake wamemchagua kuwa abati, yaani mkuu wao.

Kanisa lao lilikuwa kuukuu na dogo. Siku za sikukuu watu walibanana hadi, kwa maelezo yake, kina mama wakapita juu ya vichwa vya wanaume ili wafike madhabahuni. Labda alitia chumvi, lakini shida ilikuwepo.

Basi akajenga. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi atamwelewa hapa: maseremala walimwambia miti mikubwa ya kutosha kwa mihimili haipatikani kabisa. Usiku akakosa usingizi. Alfajiri akaingia msituni mwenyewe, na kufikia saa tisa walikuwa wamepata miti 12, hesabu ile ile aliyohitaji.

Sehemu ya mbele iliwekwa wakfu mwaka 1140, na upande wa madhabahu 1144. Huko mafundi walitumia matao yenye ncha na mbavu za mawe zilizoshusha uzito wa dari kwenye nguzo. Ukuta haukulazimika tena kuwa mnene, kwa hiyo pale palipokuwa na mawe wakaweka vioo vya rangi. Dirisha moja linaonyesha shina la Yese, lile la Isaya 11, likipanda hadi kwa Kristo. Wengi hawakujua kusoma, lakini macho walikuwa nayo. Suger aliamini kwamba mwanga huu tunaouona huinua moyo hadi kwenye Nuru ya kweli. Mtindo huo, ulioitwa Gothiki baadaye sana, ukaenea hadi Chartres, Canterbury na Cologne.

Si kila mtumishi alipendezwa na mapambo ya namna hiyo. Bernard wa Clairvaux, mhubiri mkali wa wakati huo, alikuwa ameshaandika akilalamika kwamba kuta za kanisa zinavishwa dhahabu huku maskini wako uchi. Suger yeye alisema kama vyombo vya dhahabu vilipokea damu ya wanyama katika Agano la Kale, damu ya Kristo inastahili zaidi. Mimi swali la Bernard bado linanisumbua. Tena Suger alipenda jina lake: aliliandikisha sehemu kadhaa, na sura yake ikachorwa kwenye kioo, amelala kifudifudi miguuni pa Mariamu.

Mfalme Louis wa 7 alipokwenda vitani mwaka 1147, Suger ndiye aliyeachiwa nchi nzima, akaitunza hadi mfalme aliporudi 1149. Alifariki Januari 1151. Chumba chake cha kulala, kando ya kanisa lile lote la dhahabu na vioo, kilikuwa kidogo sana, na kitanda chake kilikuwa cha majani makavu.