Sayyid Barghash, Mjenzi Aliyekatiwa Nchi

Asafiriye kutoka Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela, kisha Isinya, kisha Kajiado. Kitengela kila uchao nyumba mpya inainuka: mafundi wako juu, mwenye jengo yuko chini, mikono nyuma, akihesabu mifuko ya saruji. Mwisho wa safari, Namanga, ni mpakani. Kila nipitapo njia ile humkumbuka mwenye jengo mwingine, ambaye mpaka ule ulichorwa katika zama zake bila yeye kupewa kiti: Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, Mola amrehemu.

Mwaka 1859 alimuasi nduguye, Sayyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Adhabu hiyo ya kiasi cha miaka miwili ikageuka kuwa darsa, kwani huko aliona mji ukijengwa.

Enzi yake ilianza kwa misiba. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu na kuvunja merikebu zake. Mwaka 1873, akitishwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Nasi tusifiche: jasho la watumwa lilikuwa ndani ya utajiri ule.

Lakini alijenga. Alijenga mfereji ulioleta maji ya chemchemi za kaskazini hadi mjini, kwa watu waliozoea visima vya chumvi na mitungi ya kununua. Maji hayo yalikuwa ya bure, kwa tajiri na fukara. Kwangu mimi, jumba lolote alilolijenga halifiki thawabu ya maji ya udhu. Alileta pia mtambo wa kupiga chapa, vikatoka vitabu vya fiqhi kwa Kiarabu.

Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, na nguzo zake za chuma, roshani pande zote, na milango iliyochorwa aya za Qurani. Mwaka huo huo Joseph Thomson alitoka Mombasa na msafara, akaingia nchi ya Wamasai. Mmoja alikuwa akiinua kuta pwani. Wengine walikuwa wakipima bara.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana bara. Sayyid akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10, na bandari chache za Banadiri. Mstari ukavutwa toka mto Umba, karibu na Vanga, ukauzunguka Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria. Ndio ukingo wa kusini wa Kajiado ya leo. Wamasai nao hawakuulizwa, wakajikuta pande mbili.

Alifariki Machi 1888, punde tu baada ya kurejea kutoka Omani, akiwa na umri wa kiasi cha miaka 50. Jumba lake lilipigwa mizinga mwaka 1896, likabaki limesimama. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, wakafa watu wawili. Walikuwamo katika kazi ya kulitengeneza.