Louis Pasteur na Mbwa Wake

Wachungaji wetu wa Bahi hufuatana na mbwa malishoni, na kwa hiyo kichaa cha mbwa si habari ya mbali kwetu. Aliyevumbua chanjo yake ni Louis Pasteur, Mfaransa, aliyezaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba, 1822. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Yeye mwenyewe alisomea kemia, wala hakuwa daktari.

Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1881 alijaribu chanjo ya kimeta kwa kondoo mbele ya watu wengi, kisha akashika kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao vijidudu vyake havikuonekana hata kwa darubini.

Pasteur na msaidizi wake, Emile Roux, walitoa ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa, wakautundika katika chupa yenye hewa kavu. Kila siku sumu yake ilipungua. Baada ya siku 14 ilikuwa karibu imekwisha. Mbwa alidungwa kwanza ule mkavu kabisa, kesho yake ule uliokauka kidogo zaidi, hata mwisho akadungwa ule mbichi wenye kuua. Naye hakuugua! Pasteur alieleza kuwa mbwa 50 walikingwa hivyo.

Tarehe 6 Julai, 1885, mama mmoja wa Alsace alimletea mwanawe, Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mahali pengi. Hapo palikuwa na shida kuu. Akidungwa, huenda chanjo ikamwua. Akiachwa, huenda kichaa kikamwua, nacho kikishaanza hakina dawa. Basi Daktari Grancher alimdunga sindano 13, maana Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu watu. Mtoto hakupata kichaa, akaishi hata mwaka 1940.

Madaftari ya Pasteur, yaliyokaa kwa jamaa yake miaka mingi baada ya kufa kwake, yaonyesha kuwa majaribio ya mbwa kwa njia ile yalikuwa mapya mno. Wako wanaomlaumu kwa haraka hiyo. Lakini mama yule asingaliweza kungoja.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895. Siku hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na hapa Tanzania, kama kule Serengeti, mbwa wa vijijini huchanjwa kwa chanjo isiyo na kijidudu hai.