Sauti nayo ina mwenyewe: Maisha ya Mel Blanc

Yeyote asikilizaye redio siku hizi, awe ndani ya matatu au jikoni akichemsha chai, hakosi kusikia vijisauti vilivyonakiliwa kutoka sinema za vibonzo. Mtangazaji akimaliza mzaha wake, mara hudakiza bata afokaye, au ndege anayecheka kama mwendawazimu, au gari kuukuu linalokohoa. Msikilizaji hutabasamu akaendelea na shughuli zake. Ni nadra mno kuuliza sauti ile ilitoka kinywani mwa nani, na je, mwenye kinywa alipata nini?

Swali hilo si la kipuuzi. Katika zama hizi ambapo mashine huweza kuiga sauti ya mtu yeyote kwa dakika chache, limekuwa swali la riziki na la heshima ya binadamu. Yamkini hakuna maisha yanayolifafanua vyema kuliko ya Mmarekani aliyeitwa Mel Blanc, ambaye mamilioni ya watu ulimwenguni walimsikia pasipo kumjua.

Blanc alizaliwa tarehe 30 Mei 1908 mjini San Francisco, katika familia ya Kiyahudi, akalelewa mjini Portland katika jimbo la Oregon. Jina la ukoo lilikuwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya utupu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alimdhihaki kuwa angeishia kuwa mtupu kama jina lake, naye baadaye akabadilisha herufi moja tu ya mwisho. Darasani hakung'ara. Alichopenda ni kusikiliza jinsi majirani walivyozungumza, kila mhamiaji na lafudhi yake, kisha kuwaigiza mbele ya wenzake. Aligundua pia kwamba ushoroba wa shule ulikuwa na mwangwi mzuri, akawa anaujaribia kicheko kimoja cha ajabu, kikali na cha kupasuka. Tukiweke akilini kicheko hicho, kwani tutakutana nacho tena mahakamani.

Alianza kama mwanamuziki. Alipiga fidla na tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na akiwa kijana bado alikuwa ameongoza bendi ya ukumbi wa maonyesho. Redio ilimpokea mwaka wa 1927. Mwaka wa 1933 alimwoa Estelle Rosenbaum, na wawili hao wakaanzisha kipindi chao cha vichekesho katika kituo cha KEX mjini Portland. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuwaajiri waigizaji wengine, Blanc ilimlazimu kuwa wazee, vijana, wanyama na wageni kwa pamoja. Umaskini wa kituo ndio uliokuwa chuo chake. Palipo na njia moja tu ya kupita, mja hujifunza kupita hapo.

Mwaka wa 1935 alihamia Los Angeles. Alibisha mlango wa studio iliyotengeneza vibonzo vya Warner Bros. mara nyingi, na kila mara mhusika aliyekuwa na dhamana ya kuchagua sauti alimwambia kuwa walikuwa na sauti za kutosha. Mstahimilivu hula mbivu. Baadaye mrithi wa mhusika huyo, Treg Brown, akakubali kumsikiliza. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya fahali mlevi, katika filamu fupi iliyotoka mwaka wa 1937. Mwaka huohuo akakabidhiwa nguruwe Porky, ambaye awali alikuwa akisemewa na mwigizaji mwenye kigugumizi cha kweli asichoweza kukidhibiti. Bata Daffy naye akazaliwa mwaka huo, na mwaka wa 1940 akaja sungura Bugs Bunny. Baadaye walifuata paka Sylvester, ndege Tweety, jogoo Foghorn Leghorn na wengine wengi.

Hapa mwanaisimu hana budi kutua kidogo. Wengi hudhani kuwa kuigiza sauti ni kubana koo tu. La hasha. Sauti ya usemi huundwa na vitu vingi vikishirikiana: nyuzi za sauti, koromeo, kaakaa, ulimi, midomo, pamoja na mkazo na kiimbo. Blanc alivitumia vyote. Kigugumizi cha Porky hakikuwa kurudiarudia silabi ovyo. Kilikuwa na mpangilio, kwani nguruwe yule hukwama katika neno moja, akahangaika, kisha akalikimbia na kuchukua neno jingine lenye maana iyo hiyo. Yeyote aliyewahi kuishi na mtu mwenye kigugumizi atatambua kwamba ndivyo wengi wao wafanyavyo. Bugs Bunny alipewa lafudhi ya mitaa miwili ya New York, Brooklyn na Bronx, ikachanganywa kuwa moja. Ni kama mwigizaji wetu aambiwe achanganye usemi wa Mji wa Kale wa Mombasa na ule wa Eastlands jijini Nairobi, na bado msikilizaji amwamini. Sylvester na Daffy wana kitembe kimoja. Tofauti ni kwamba sauti ya Daffy iliharakishwa kwa mitambo baada ya kurekodiwa. Na sungura alipotafuna karoti, ilikuwa karoti kweli. Mboga nyingine hazikutoa mlio ule, hivyo Blanc aliiuma, akatafuna, akaitema ndooni, kisha akaendelea kusema.

Licha ya umahiri huo, ujira ulikuwa mdogo. Inasimuliwa kwamba alipomwomba mwenye studio, Leon Schlesinger, nyongeza ya mshahara, tajiri huyo alikataa katakata. Blanc akaomba basi angalau jina lake liandikwe kwenye filamu. Hilo likakubaliwa, kwa kuwa halikumgharimu tajiri senti moja. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 watazamaji walikuwa wakilisoma jina lake, jambo ambalo waigizaji wengine wa sauti hawakuwa nalo. Jina hilo ndilo lililomfungulia milango ya redio zaidi kuliko nyongeza yoyote ya mshahara.

Redio hasa ndiyo iliyokuwa makao yake. Katika kipindi cha mchekeshaji Jack Benny, alianza kwa kunguruma tu kama dubu aliyelinda hazina ya bahili. Baada ya miezi ya kunguruma, alimkumbusha Benny kwamba alijua pia kusema. Akapewa kuwa kasuku, mwalimu wa fidla aliyekata tamaa, na mtangazaji wa stesheni ya gari moshi. Siku moja rekodi ya mlio wa gari kuukuu la Benny ilikataa kulia wakati kipindi kikienda hewani. Blanc akakisogelea kipaza sauti, akakohoa, akapiga chafya, akatetemeka kama injini inayokufa. Tangu siku hiyo gari likawa ni yeye.

Sasa turejee kwenye kile kicheko. Mwaka wa 1940 Blanc alikuwa amemsemea kigogota Woody Woodpecker wa studio ya Walter Lantz, akampa kicheko alichokibuni shuleni. Punde akafungwa na mkataba uliomtaka asiwatumikie wengine katika vibonzo ila Warner Bros. pekee. Yeye aliondoka, kicheko kikabaki. Studio ya Lantz iliendelea kukitumia kutoka kwenye rekodi zake. Mwaka wa 1948 ulipotoka wimbo uliojengwa juu ya kicheko hicho na kuvuma kote redioni, Blanc alikwenda mahakamani. Hakimu alimkatalia, kwa hoja kwamba hakuwa amekisajili kicheko chake kisheria. Blanc alikata rufani, na hatimaye Lantz akakubali kumlipa nje ya mahakama.

Tazama uzito wa hoja ile. Mtu akitunga shairi karatasini, sheria humwona kuwa na mali. Mtu akitunga kicheko kooni, hata kikajulikana nchi nzima, sheria ya siku zile ilikiona kuwa upepo tu.

Tarehe 24 Januari 1961 gari la Blanc liligongana ana kwa ana na jingine katika kona hatari ya barabara ya Sunset, Los Angeles. Miguu yote ilivunjika na nyonga pia, akapoteza fahamu kwa takriban wiki mbili. Daktari aliyemwita kwa jina lake hakupata jibu. Alipoamua kumjulia hali Bugs Bunny, mgonjwa akajibu, dhaifu lakini kwa sauti ya sungura. Wanaisimu wanajua kwamba usemi uliozoeleka sana, kama vile salamu, sala na nyimbo, huweza kusalia hata ubongo unapojeruhiwa. Tukio moja si utafiti, lakini linatuonyesha jinsi kazi ya mtu inavyoweza kuota mizizi ndani ya nafsi yake. Blanc aliporejea nyumbani akiwa amefungwa plasta mwili mzima, waigizaji wenzake wa kipindi cha Flintstones walirekodi wakiwa wameuzunguka mtanda wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata hivyo, sifa zisitupofushe. Baadhi ya sauti zake zilikejeli watu. Panya Speedy Gonzales, kwa mfano, alizua malalamiko kuhusu jinsi Wamexico walivyochorwa. Sisi Wakenya tunaufahamu mjadala huo. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alitufurahisha miaka mingi akiwa Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali hakuwa Mjaluo. Tofauti iko katika utu: je, tunacheka pamoja na mhusika au tunamcheka kabila lake?

Blanc alifariki tarehe 10 Julai 1989, akiwa na umri wa miaka 81. Kwenye kaburi lake yamechongwa maneno ya kwaheri ambayo nguruwe Porky alifungia filamu. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mahakama ya rufani nchini Marekani iliamua kwamba kampuni ya Ford haikuwa na haki ya kutumia mwigaji wa sauti ya mwimbaji Bette Midler katika tangazo. Mwaka wa 2024 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kulinda sauti za watu dhidi ya akili unde. Alichokidai Blanc mwaka wa 1948 kimeanza kusikika.

Nasi je? Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inazitambua haki za waigizaji, na ile ya Kulinda Data ya 2019 inaitaja sauti miongoni mwa vitambulisho vya mwili. Huo ni msingi mzuri, lakini nyumba haijaezekwa. Vijana wetu wanaosoma matangazo ya biashara, wanaoigiza redioni na wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili wanapaswa kusoma mikataba yao kwa makini. Iandikwe sauti itatumika wapi, kwa muda gani, na kama mashine inaruhusiwa kufunzwa nayo. Nao wenye vituo waanze na jambo lisilogharimu senti, lile ambalo hata tajiri aliyekataa kuongeza mshahara alilikubali: walitaje jina la mwenye sauti.