Imamu Ghazali na maradhi yaliyowashinda matabibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi yupo mtu ambaye zamani alikuwa mchangamfu, na leo hali vizuri, halali vizuri, wala hafurahii lolote. Wapo wanaomhukumu kuwa imani yake imepungua, wapo wanaomkimbiza kwa waganga, na wapo wanaomficha ndani ili majirani wasijue. Kwa ajili ya familia hizo, Ijumaa ya leo tunaeleza maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu.

Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan iliyo Iran ya leo, takriban mwaka 450 Hijria (1058). Wanahistoria wanasimulia kuwa baba yake alikuwa msokota sufi, mtu fukara, ambaye kabla ya kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu. Fedha kidogo zilizoachwa zilipokwisha, watoto wakapelekwa madrasa iliyowalisha wanafunzi wake. Ghazali akasoma Tus, kisha Jurjan, kisha Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085).

Mwaka 484 (1091), Waziri Nidham al-Mulk alimpa uprofesa wa Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi wa zama hizo walikitamani. Alikuwa katika miaka ya thelathini tu ya umri wake. Wanafunzi mia tatu walihudhuria darsa zake, na watawala walimheshimu. Kwa macho ya watu, hakupungukiwa na kitu.

Lakini ndani ya nafsi yake hapakuwa na utulivu. Alipoipima nia yake katika kufundisha, aliona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilichanganyika na kupenda jina na sifa. Akatamani kuacha yote na kuondoka, lakini azma aliyoamka nayo asubuhi ilivunjika jioni. Mvutano huo ulianza mwezi wa Rajabu mwaka 488 (1095), ukaendelea karibu miezi sita. Mwishowe ulimi wake ukafungika. Alijitahidi kusomesha ili kuwaridhisha wanafunzi wake, lakini neno halikutoka. Huzuni ikaushika moyo wake, chakula na maji havikupita, mwili ukadhoofu.

Matabibu waliitwa, nao walisema kweli. Waliona kuwa asili ya ugonjwa ule ni moyo, na kutoka moyoni umeingia mwilini, hivyo hapakuwa na njia ya kuutibu ila moyo upumzike na hamu iliyoulemea. Jambo hili ameliandika yeye mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal, bila kuona haya.

Sisi hatudai kuupa ugonjwa wake jina la kitabibu la leo, kwani ni zaidi ya miaka mia tisa imepita. Hata hivyo, anayeujua ugonjwa wa sonona ataona mfanano. Na hapa ndipo penye funzo la kwanza: alimu mkubwa kiasi hiki alipatwa, na hakuna mwanachuoni anayejiheshimu aliyemwita kafiri wala mvivu kwa sababu hiyo.

Imamu alimlilia Mola wake, kisha akachukua hatua. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Mwezi wa Dhulqaada mwaka 488 aliondoka Baghdad, akafika Damascus, akajitenga kwa ibada katika mnara wa msikiti wa mji huo. Baadaye akaenda Baytul Maqdis, kisha Hijazi kuhiji. Mapenzi ya watoto wake yakamrudisha nyumbani. Maisha hayo ya utulivu yalidumu takriban miaka kumi na moja, hata mwaka 499 (1106) akarudi kufundisha Nishapur. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Katika miaka hiyo ya upweke ndipo alipoandika Ihyaa Ulum al-Din, chenye vitabu arobaini ndani yake. Humo ameeleza muraqaba, yaani mja kuuchunga moyo wake na kila wazo linalopita ndani yake, akijua kuwa Mola wake anamuona. Na muhasaba, yaani kuihesabu nafsi. Vilevile ameeleza kuwa mtu hazijui aibu zake peke yake. Anahitaji sheikh mwenye busara au rafiki mkweli wa kumuonyesha, na hata maneno ya maadui na mwenendo wa watu humfundisha. Na mwenye kutibu nafsi, kama tabibu wa mwili, hampi kila mgonjwa dawa moja, bali humtazama hali yake na kumpeleka hatua kwa hatua.

Wataalamu wa leo nao wana tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa huketi na mtaalamu na kuyachunguza mawazo yanayomlemea. Wana pia mazoezi ya utulivu, ambayo mtu huyaangalia mawazo yake na pumzi yake bila kuburutwa nayo. Muraqaba ni ibada na mazoezi hayo ni tiba. Si kitu kimoja, lakini Muislamu hatayaona kuwa mageni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa tiba za kisaikolojia ndizo za kwanza kwa sonona, na kwamba sonona nyepesi haihitaji vidonge.

Hata hivyo, tusikosee. Sonona iliyo kali huweza kuhitaji dawa pamoja na mazungumzo, na mwenye kuzitumia asiziache bila kumuuliza daktari wake. Imamu Ghazali mwenyewe alieleza kuwa kutumia dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliuhesabu utabibu kuwa faradhi ya kutosheleza, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika fiqhi na kuiacha miji bila tabibu Muislamu.

Basi wazazi, mtoto akinyamaza wiki mbili na zaidi, msimkemee wala msimfiche. Mketi naye, mumsikilize, mumuombee dua, na mumpeleke kwa mtaalamu. Akitamka kuwa anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Ghazali aliyefungika ulimi Baghdad ndiye aliyetuachia Ihyaa, na masheikh wa pwani yetu wameisomesha kizazi baada ya kizazi. Hatujui Mwenyezi Mungu amemuwekea nini huyo aliyenyamaza chumbani mwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azitulize nyoyo zao. Amin.