Fadhili William: Mwimbaji wa ‘Malaika’ aliyeacha mjadala usiokwisha

KATIKA harusi nyingi zinazofanyika Thika na Ruiru, kama ilivyo kwingineko nchini, hufika wakati ambapo bendi huviweka kando vibao vipya na kuurudia wimbo mmoja wa kale ambao wazee kwa vijana huuimba bila kuhitaji kusomewa maneno. Wimbo huo ni ‘Malaika’. Wengi wanaouimba huamini ni mali ya kila mtu, sawa na hadithi za sungura na fisi. Wengine humtaja Miriam Makeba. Wachache ndio wanaolikumbuka jina la Fadhili William, Mkenya aliyekuwa wa kwanza kuusambaza kwa santuri na ambaye maisha yake yalikuwa darasa kubwa la hakimiliki.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Novemba 11, 1938, katika eneo la Taita. Jina lake la mwisho lilikuwa kitambulisho tosha cha asili yake, kwa kuwa Wataita wenyewe hujiita Wadawida. Alizaliwa katika ukoloni, wakati ambapo kijana wa Kiafrika aliyejua kupiga gita alistahiwa na vijana wenzake lakini akishukiwa na wazee waliouona muziki kama njia ya mkato ya kuelekea kwenye ulevi na uzururaji. Fadhili hakuiacha njia hiyo. Aliifuata hadi Nairobi, mji uliokuwa na studio, kituo cha redio na kumbi za densi.

Nairobi ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa chungu kilichopikiwa muziki wa kila namna. Rumba ilitoka Kongo, wapiga gita walitoka nchi za kusini, na mitindo ya Marekani ikaja kwa santuri na sinema. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wasikilizaji. Katika mji kama Thika, ambao viwanda na mashamba yake yaliwavuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, wimbo wa Kiswahili ulieleweka na Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo waliokaa meza moja baada ya kazi. Soko lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni sheria ya kumlinda aliyelilisha soko hilo.

Mnamo 1960 hivi, Fadhili akiwa na kundi lake la Jambo Boys alirekodi ‘Malaika’. Wimbo wenyewe hauna makuu. Kijana anampenda binti, anatamani kumuoa, lakini mkono wake ni mtupu na mahari haina mkopo. Hakuna msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyehitaji kufafanuliwa machungu hayo. Mwaka wa 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru, Fadhili aliurekodi tena, safari hii pamoja na bendi iliyoitwa Black Shadows. Rekodi hizo zilitengenezwa katika mazingira ya kampuni ya Equator Sound iliyosimamiwa na Charles Worrod, ambayo ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya muziki wa mjini katika muongo huo.

Katika Equator, Fadhili hakuwa mwimbaji wa wimbo mmoja tu. Alikuwa miongoni mwa nguzo za Equator Sound Band, bendi iliyowakusanya mafundi wa wakati huo kama Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Vijana hao walitoa vibao vilivyochezwa redioni na kwenye baa, na bado vinapewa nafasi katika vipindi vya zilizopendwa. Mfumo wa kazi, hata hivyo, ulikuwa ule wa enzi hiyo. Kampuni ndiyo iliyomiliki mitambo, ndiyo iliyojua bei ya santuri na ndiyo iliyowasiliana na wachapishaji wa ng’ambo. Mwanamuziki aliijua sauti yake, na mara nyingi hakujua zaidi ya hapo.

Kisha ‘Malaika’ ukavuka bahari. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, aliubeba katika majukwaa ya dunia. Mwaka wa 1965 aliurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mnamo 1967 ulitamba nchini Sweden kupitia kundi la Hep Stars, ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa ABBA. Boney M waliutoa mwaka wa 1981 kwa midundo ya disko, naye Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya 1991. Msikilizaji wa Kiswahili alitabasamu kumsikia mwanamke akikiimba kitenzi ambacho lugha hii imemwekea bwana harusi, lakini dunia haikujali sarufi. Ilichopenda ni sauti.

Fadhili hakuwa peke yake katika safari hii. Mwaka wa 1968, kundi la Uingereza la The Tremeloes liliuchukua wimbo ‘Helule Helule’ wa Daudi Kabaka na kuufikisha katika orodha ya nyimbo 20 bora za nchi hiyo. Hivyo, katika muda wa miaka michache, tungo mbili zilizotoka katika studio moja ya Nairobi zilikuwa zikichezwa katika kumbi za Ulaya. Wenye nyimbo walikuwa nyumbani, wakitafuta nauli.

Swali la jinsi jambo hilo lilivyowezekana lina jibu la kisheria. Bunge la Kenya huru lilipitisha sheria yake ya kwanza ya hakimiliki mnamo 1966, miaka mitatu baada ya ile rekodi ya pili. Nchi haikujiunga na Mkataba wa Berne, ambao huzifanya nchi wanachama ziheshimiane katika haki za watunzi, hadi 1993. Katika muda huo wote, mtunzi wa Kiafrika aliyetaka kuufuata mrabaha wake nje ya nchi alihitaji mchapishaji mwaminifu, wakili mvumilivu na karatasi zenye majina sahihi. Vitu hivyo vitatu havikuuzwa sokoni Gikomba. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo wasemavyo wahenga, lakini Fadhili alichumia juani na kivuli kikakaliwa na wengine.

Lakini kuna upande wa pili wa habari hii, na haki inadai usemwe. Umiliki wa Fadhili mwenyewe ulipingwa. Wapo wanaoshikilia kuwa ‘Malaika’ ulitungwa na Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika aliyeishi Nairobi katikati ya miaka ya 1940, wakati ambapo Fadhili alikuwa mtoto mdogo. Kwa mujibu wa madai hayo, Salim alimtungia msichana aliyempenda na ambaye wazazi wake walimwoza kwa mtu mwenye mali. Majina mengine yaliyotajwa ni Grant Charo na Lucas Tututu, wote wa Pwani. Fadhili kwa upande wake alishikilia hadi mwisho kuwa wimbo ni wake, na kwamba malaika aliyemwimbia alikuwa msichana aliyempenda ujanani. Hivyo mtu ambaye wengi humtaja kama mfano wa msanii aliyeporwa, kwa wengine alishukiwa kuwa ndiye mporaji.

Mvutano huo unaonyesha kitu ambacho mijadala ya kila siku kuhusu uharamia wa muziki hukisahau. Sheria haiulizi tu nani alikuwa wa kwanza kuuhisi wimbo moyoni au kuuimba chini ya mwembe. Ili kazi ilindwe, ni lazima iwe imetokana na jitihada ya mtunzi na iwe imewekwa katika umbo linaloshikika, ama kwa kuandikwa au kwa kurekodiwa. Katika jamii ambayo nyimbo zilipita kutoka kinywa hadi sikio, mtu wa kwanza kufika mbele ya kipaza sauti alikuwa na nguvu ambayo mtunzi asiye na rekodi hakuwa nayo. Fadhili alifika na akaacha ushahidi wa santuri. Hilo lilimpa jina katika vitabu vya malipo, lakini halikuwanyamazisha waliodai kuwa mbegu haikuwa yake.

Teknolojia nayo ilikuwa ikiandaa pigo jingine. Mwaka uleule wa 1963, kampuni ya Philips ilizindua kanda ndogo ya kaseti. Santuri ilihitaji kiwanda ili kuchapishwa, na kiwanda kilikuwa na anwani. Kaseti ilihitaji kinasa sauti mezani tu. Kufikia miaka ya 1980, mwenye kibanda katika kituo cha magari angeweza kununua kanda moja halali na kuizalisha kwa wingi kabla ya jua kutua. Thika na Ruiru, miji iliyo kwenye barabara kuu yenye abiria wengi kutoka na kwenda Nairobi, haikukosa soko la bidhaa hiyo. Nyimbo za zilizopendwa ndizo zilizonakiliwa kwa wepesi zaidi, kwani wenyewe walikuwa wazee, wametawanyika au wamekufa, na hakuna aliyetazamiwa kuja kuuliza.

Katika miaka hiyo Fadhili alikuwa mbali. Alihamia Marekani na kuishi huko kwa miaka mingi kabla ya kurejea Kenya katika miaka yake ya mwisho. Alirudi akiwa na umaarufu ambao haukulingana na mali. Wimbo wake ulikuwa umeimbwa mbele ya marais na wafalme, nao watalii waliofika katika hoteli za Pwani walilakiwa nao kila jioni, huku yeye akiendelea kudai kutambuliwa. Alifariki jijini Nairobi Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Novemba mwaka huohuo, Daudi Kabaka naye akamfuata.

Kuna kinaya katika tarehe hizo. Sheria mpya ya Hakimiliki ya Kenya, iliyounda Bodi ya Hakimiliki na kuongeza makali dhidi ya uharamia, ni ya mwaka wa 2001, mwaka uleule ambao nchi iliwazika wawili hao. Ilianza kutumika 2003. Ngao ilifika baada ya mashujaa kuanguka.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuwasahau wafu. Hapa ndipo maisha ya Fadhili yanapomgusa mwenye baa wa Thika na dijei wa Ruiru ambaye hubishana na wakaguzi kuhusu leseni. Wengi hudhani kwamba aliyenunua kanda au diski amenunua wimbo. Alichonunua ni chombo. Ndani ya chombo hicho mna haki za watu tofauti: mtunzi, mwimbaji na wapigaji, na aliyegharimia kurekodi. Kuusikiliza nyumbani ni jambo moja. Kuucheza mbele ya wateja wanaolipia vinywaji, au kuuhamishia kwenye flashi na kuwauzia abiria wa matatu, ni jambo jingine linalohitaji idhini.

Haki hizo pia hazifi siku moja. Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hivyo, rekodi ya ‘Malaika’ ya 1963, hata kwa hesabu hiyo, ilitoka kwenye ulinzi mwishoni mwa 2013. Lakini utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka ambao mtunzi alifariki. Iwapo mtunzi ni Fadhili William, basi ‘Malaika’ utaendelea kuwa na mwenyewe hadi Desemba 31, 2051. Iwapo mtunzi ni mtu mwingine, tarehe hiyo inabadilika, na pamoja nayo watoto na wajukuu wanaostahili kulipwa. Suala lililoonekana kama ubishi wa wazee wanaopiga soga kuhusu miaka ya 1940, kumbe ni suala la nani atapokea hundi.

Somo kwa wasanii chipukizi limo humo. Kijana anayerekodi leo chumbani mwake kwa kompyuta na kuuweka wimbo kwenye intaneti kabla ya usiku kuingia, ana uwezo ambao Fadhili hakuwa nao. Hahitaji kampuni imfungulie mlango. Lakini asipoandika ni nani aliyetunga maneno, ni nani aliyeunda mdundo na ni nani aliyelipia studio, atakuwa anaurudia mkanganyiko wa ‘Malaika’ kwa kasi kubwa zaidi. Urafiki wa bendi hudumu hadi pesa zinapoingia. Baada ya hapo karatasi ndiyo shahidi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata wanaoamini kuwa Fadhili William hakuutunga wimbo huo hawawezi kukana kwamba sauti yake ndiyo iliyoutoa katika mitaa ya Nairobi na kuutua mlangoni pa dunia. Na hata wanaomwamini kwa kila neno hawana budi kumpa Adam Salim nafasi ya kusikilizwa, kwa kuwa haki ya mtunzi haiwi haki ikiwa inadaiwa kwa Wazungu tu na kunyimwa jirani. Alichoimba Fadhili ni habari za kijana aliyekosa mali ya kumpata ampendaye. Mali hiyo ilikuja kupatikana, tena nyingi, kutokana na wimbo huohuo. Sehemu kubwa haikumfikia mikononi.