Kimweri wa Vuga, mfalme aliyekopa herufi za pwani

Kwenye desa zetu za historia Kimweri ya Nyumbai anapita kwa mistari miwili. Alitawala Usambara, dola yake ikafika pwani, akafa 1862, watoto wakagombana. Basi. Ukitoka chumba cha UE umeshamsahau. Mimi nasomea ualimu, na nikijiuliza nitamfundishaje huyu mzee kwa watoto wa kidato cha pili, naona mistari miwili haitoshi hata kidogo, maana maisha yake yana jibu la swali tunalobishana kila siku hapa chuoni: ukichukua vitu vya mwenye nguvu kuliko wewe, unabaki kuwa nani?

Tuanze na ukoo. Wakilindi hawakuwa Wasambaa wa asili. Babu yao Mbegha, kwa jinsi masimulizi yanavyosema, alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, kule ambako leo ni Wilaya ya Kilindi, iliyokuwa sehemu ya Handeni mpaka 2002. Inasemwa alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamfukuza. Akapanda milimani na mbwa wake, akawagawia watu nyama, akawaamulia kesi zao, mwisho wakampa nchi. Kwa hiyo sisi wa Chanika, Handeni, tukisikia Usambara tusidhani ni habari za watu wengine. Mfalme wao alitokea upande wetu.

Kimweri alimrithi baba yake Kinyashi mapema katika karne ya 19, akatawala karibu nusu karne. Makao yake yalikuwa Vuga, huko juu Lushoto. Mamlaka yake yalisimama juu ya mvua. Watu waliamini mfalme akiwa na nguvu mvua inanyesha na mahindi yanajaa. Wafalme wakigombana wenyewe kwa wenyewe, njaa inaingia. Kodi aliyotoa mtu ilikuwa ni kwa ajili ya hiyo mvua. Utawala wenyewe aliuendesha kifamilia: kila wilaya aliweka mwanawe kuwa chifu, na kwa kuwa alikuwa na wake wengi, wana hawakukosekana. Walimtii kwa sababu ni baba yao. Shikilieni hapo, tutarudi.

Sasa pwani. Kimweri alipokuwa anakua kwenye kiti, Seyyid Said naye alikuwa anaikuza Unguja. Nguo, shanga, bunduki na baruti vilipanda kutoka Pangani na Tanga; pembe za ndovu zilishuka. Miji ile ya pwani ilikuwa na mabwana wawili kwa pamoja: madiwani wake walihitaji kukubaliwa na Unguja na pia na Vuga. Mambo ya namna hiyo hayaendeshwi kwa kutuma mtu na ujumbe wa mdomo tu. Barua zilikuja, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mfalme asiye na msomaji wake mwenyewe anasomewa anachotaka msomaji. Basi baadhi ya wana wa Kimweri wakajifunza kusoma na kuandika kwa watu wa pwani, na wakasilimu. Vaa yao ikabadilika. Waganga Waislamu nao walikuwepo barazani kwa mfalme, pamoja na wale wa jadi.

Lakini Kimweri mwenyewe hakusilimu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Aliona kalamu inafaa, akaiingiza nyumbani kwake kupitia watoto, ila kiti cha mvua akakiacha kilivyo. Tunavyofundishwa mara nyingi, ustaarabu wa pwani ulitiririka kwenda bara kama maji, na watu wa bara kazi yao ilikuwa kukinga ndoo. Kimweri hakukinga ndoo. Alichagua.

Waliofanya hivyo duniani ni wengi. Japani karne ya 7 na ya 8 ilituma mabalozi China, ikachukua herufi, Ubudha, sheria, hata ramani ya mji: Nara, mji mkuu wa 710, ulipangwa kwa mfano wa Chang'an. Ila kuna fikra moja ya Kichina waliiacha bandarini, kwamba mbingu inaweza kumnyang'anya mfalme mbaya kiti chake. Wakabaki na ukoo wao uleule. Wavietnam waliandika Kichina na kufanya mitihani ya Kichina tangu 1075, huku wakipigana na majeshi ya China. Korea, mfalme Sejong alikuwa msomi wa vitabu vya Kichina kweli kweli, lakini 1446 akatangaza herufi mpya za kuandikia Kikorea, na baadhi ya wasomi wake walishampinga wakiona ni kujishusha kuwa washenzi. (Ukisikiliza mdahalo wetu wa lugha ya kufundishia utadhani wale wasomi bado wapo.)

Turudi Vuga. Mwaka 1848 alifika Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai, karibu na Mombasa. Akarudi tena 1852. Kimweri alimpokea vizuri, akaonyesha yuko tayari kupokea walimu, na kilima cha Tongwe kikatajwa kuwa mahali pa kuwaweka. Nadhani hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwenye mlango mmoja wa elimu ni mtumwa wa mwenye mlango, ongeza wa pili. Unguja waliielewa hesabu hiyo pia. Haikuchukua muda, Seyyid Said akapeleka askari Wabaluchi kukaa Tongwe, na mlango ukafungwa.

Bunduki ndizo zilizomshinda. Hapa mimi Mzigua naomba nivute kiti. Wazigua walikuwa karibu na bandari, wakapata bunduki mapema na kwa wingi, wakamsukuma Msambaa kutoka tambarare za Mto Pangani. Kimweri alikuwa mfalme wa mlimani. Alikuwa nazo bunduki, na Burton anaeleza kuwa walinzi wake wa bunduki aliwaita Waengrezi, lakini biashara ilikuwa inapita bondeni na si Vuga. Burton na Speke walipofika Februari 1857 walimkuta mzee amekonda, mgonjwa, anayetaka kwa hawa wageni dawa ya kumrudishia nguvu. Hawakuwa nayo.

Akafa 1862. Mshuza, mwanawe aliyetazamiwa kurithi, alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Wale machifu wa wilaya ambao walimtii Kimweri kwa kuwa ni baba yao, sasa waambiwe wamtii mtoto wa ndugu yao? Semboja, mmoja wao, alikuwa ameketi Mazinde, ambayo leo iko Korogwe, palepale njia ya misafara inapopita. Huyu naye alichukua vitu vya pwani: nguo, marafiki wafanyabiashara, bunduki nyingi. Akaishambulia Vuga, Shekulwavu akakimbia. Wabondei wakaona nafasi, wakawageukia Wakilindi na kuwafukuza, vita inayoitwa Kiva. Baada ya hapo watu walikamatwa na kuuzwa pwani mwaka baada ya mwaka. Baba na mwana walikopa soko lilelile. Tofauti ni kwamba Semboja hakuhitaji mvua wala watu wa kumlipa kodi; watu wenyewe walikuwa bidhaa.

Na historia yao ikaandikwa na nani? Wajapani walipoandika historia yao kubwa mwaka 720, waliiandika kwa Kichina. Ya Wakilindi iliandikwa kwa Kiswahili, na Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekuwa karani wa Semboja. Habari za Wakilindi ilichapwa na wamisheni wa Magila kwa mafungu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Hakuna Sejong aliyetokea kuunda herufi za Kisambaa, na Kiswahili hicho cha karani leo ndicho chetu sote, Mzigua, Msambaa na Mbondei. Kimweri tunayemsoma ni yule aliyepita kwenye kalamu ya Abdallah, pamoja na wa Krapf na wa Burton. Wanawe waliosoma barua zake nao walikuwa na kalamu.